Kingo Kumi na Mbili

Kiberiti ni kitu kidogo, na hakikosekani katika nyumba nyingi. Kina nyuso 6, kona 8 na kingo 12, na hakuna hata ukingo mmoja uliopinda. Ukimuuliza mtu kama anakijua kiberiti, atakushangaa. Lakini mpe penseli na karatasi, mwambie akichore kinavyoonekana kikiwa kimelazwa mezani mshazari, na mara nyingi atakachokitoa kitamshangaza yeye mwenyewe. Upande wa nyuma umekuwa mpana kuliko wa mbele. Uso wa juu umeinuka kana kwamba meza ni kilima. Kona ya mwisho, ile iliyojificha nyuma, imekataa kufungika. Mkono hauna tatizo, macho yanaona vizuri, na kiberiti kiko palepale mezani. Kosa limetoka wapi?

Wachoraji wa Italia walilihangaikia jambo hilo tangu karne ya 15, wanasaikolojia wa Ulaya na Marekani wakalipokea katika karne ya 20, na leo linajibiwa kwa vitendo na vijana wanaojifunza kuchora magari, majengo na wahusika wa katuni. Miongoni mwao kuna zoezi lililojipatia sifa: kuchora visanduku 250 kwa pespektivu, bila rula wala kifutio, kila kimoja kimegeukia upande wake, kisha kurudi na rula na kalamu ya rangi kukagua kila kimoja. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hushtushwa na hiyo 250. Kiini chake, hata hivyo, kimo katika maneno ya mwisho, yale ya kurudi na kukagua. Sayansi ya kujifunza inaweza kueleza kwa nini mtu anayeiruka hatua hiyo atachora visanduku elfu moja na kubaki pale alipoanzia.

Kingo 12 za kisanduku ni makundi matatu ya kingo nne nne: zinazofuata urefu, zinazofuata upana na zinazofuata kimo. Ndani ya kila kundi kingo zote ni sambamba; katika kitu chenyewe hazikutani kamwe. Machoni mambo ni mengine. Kitu kikisogea umbali maradufu huonekana nusu ya ukubwa wake wa awali, kwa hiyo nafasi kati ya mistari miwili sambamba inayokwenda mbali huonekana ikibana kadiri inavyosonga. Anayesimama kwenye kivuko cha reli na kuitazama njia iliyonyooka amekwisha kuliona jambo hili: vyuma viwili ambavyo vikikaribiana hata kidogo gari moshi litaanguka, vinaonekana kukutana upeoni. Mahali hapo ndipo panapoitwa nukta ya kutokomea.

Mistari yote iliyo sambamba, hata ikiwa elfu, hutokomea katika nukta moja. Kisanduku kilichogeuzwa mshazari mbele ya macho mara nyingi kina nukta tatu basi, moja kwa kila kundi. Ugumu ni kwamba nukta hizo kwa kawaida huwa nje kabisa ya karatasi, pengine nusu mita kutoka ukingoni, na mchoraji anatakiwa kuielekeza mistari minne mahali ambapo hawezi kuweka alama. Kundi likiwa sambamba na karatasi yenyewe, kama zilivyo kingo za wima za nyumba inayotazamwa kwa usawa wa macho, mistari yake haikaribiani. Ndiyo maana vitabu hutaja pespektivu ya nukta moja, ya nukta mbili na ya nukta tatu. Ni kanuni moja tu katika hali tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza hulikosa. Kasi ya mistari kukaribiana haitokani na ukubwa wa kitu peke yake, bali na ukubwa huo ukilinganishwa na umbali wa jicho. Kiberiti kilichosogezwa hadi sentimita 10 kutoka usoni hubana kingo zake kwa ukali. Kikiwekwa upande wa pili wa chumba, kingo hizohizo huonekana karibu kuwa sambamba. Kwa sababu hiyo, kisanduku kidogo kilichochorwa pembeni mwa ukurasa na mistari inayokimbiliana kwa kasi humwambia mtazamaji kwamba anatazama ghorofa kubwa, au kitu kilichombandikia pua. Mchoraji asipolijua hilo atasema uongo bila kukusudia.

Msingi wa elimu hii uliwekwa mbali na Italia. Mwanzoni mwa karne ya 11 Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo, aliandika Kitab al-Manazir. Humo alieleza kwamba kuona hutokana na mwanga unaotoka kwenye vitu na kuliingia jicho kwa njia zilizonyooka, na kwamba mtu haupimi ukubwa wa kitu kwa pembe ya mwanga peke yake, bali huichanganya na umbali anaoukadiria. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa sana Ulaya. Wazo lake la pili, la kukadiria umbali, ndilo litakalomtesa mchora kiberiti, nasi tutalirudia.

Karne nne baadaye, huko Florence, Filippo Brunelleschi alifanya jaribio ambalo kila mwalimu wa kuchora anastahili kulijua. Antonio Manetti, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la mji huo kwenye kipande cha ubao, jinsi linavyoonekana kwa mtu aliyesimama ndani kidogo ya mlango wa kanisa kuu. Kisha akautoboa ubao. Mtazamaji aliushika mchoro ukiwa umempa mgongo, akachungulia kwa nyuma kupitia tundu, na kwa mkono wa pili akashika kioo kilichomrudishia taswira. Sehemu ya mbingu haikupakwa rangi. Ilifunikwa kwa fedha iliyong'arishwa ili mawingu halisi yaakisiwe ndani yake yakipita.

Wengi husimulia kisa hiki kama maajabu ya sanaa. Thamani yake kubwa zaidi iko kwingine: Brunelleschi hakutaka kuaminiwa, alitaka kukaguliwa. Aliutengenezea mchoro wake mahakama. Aliyesimama pale aliweza kukiondoa kioo, akaliona jengo lenyewe, akakirudisha, akalinganisha. Leon Battista Alberti, aliyeandika kanuni za pespektivu mwaka 1435, aliendeleza moyo huohuo. Aliwashauri wachoraji watazame vitu kupitia kitambaa chepesi chenye nyuzi za miraba, na waitazame michoro yao katika kioo ili kasoro zijitokeze. Mwaka 1525 Albrecht Dürer alichapisha huko Nuremberg kitabu cha upimaji chenye picha ya mafundi wawili wakichora kinanda cha nyuzi kwa kutumia uzi uliofungwa ukutani na fremu yenye kifuniko. Mabingwa hao hawakuliamini jicho lao tupu.

Walikuwa na sababu. Mwaka 1931 mwanasaikolojia Mwingereza Robert Thouless alieleza majaribio ambamo watu walionyeshwa visahani vya mviringo vilivyolazwa kwa mshazari. Duara likilazwa, taswira yake jichoni huwa duaradufu, na kadiri linavyolala ndivyo duaradufu hiyo inavyokuwa nyembamba. Lakini watu walipotakiwa kuonyesha umbo waliloliona, walitaja duaradufu nene kuliko ile iliyolifikia jicho. Chaguo lao lilikaa katikati, kati ya taswira na kitu chenyewe. Walikijua kisahani kuwa ni duara, na ujuzi huo ukavuta macho.

Mvuto huu si ulemavu. Bila huo, mlango ungeonekana ukibadilika umbo kila unapofunguliwa, na mtoto anayetukimbilia angeonekana akivimba. Ubongo hufanya kazi usiku na mchana kutupatia vitu vilivyotulia, na hutupa taswira ghafi mara tu unapokwisha kuitumia. Sasa anakuja mwalimu wa kuchora na kuitaka ile taswira iliyotupwa.

Mfano mzuri ulitolewa na Roger Shepard, mwanasaikolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1990. Alichora meza mbili. Moja imelala kwa urefu kuelekea mbali, nyembamba na ndefu. Nyingine imekaa kwa ubavu, pana na fupi. Nyuso zao za juu ni msambamba mmoja uleule. Mtu anaweza kuukata mmoja kwa mkasi, akauzungusha na kuuweka juu ya wa pili, ukaenea sawasawa. Akiurudisha mahali pake, anaona tena meza mbili tofauti, ingawa mkasi bado uko mkononi. Kujua hakusaidii. Ubongo umekwisha kuamua kwamba ule mstari unaokwenda mbali ni mrefu kuliko unavyoonekana, kwa sababu uko mbali.

Watoto hulionyesha jambo hili wazi zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978, W. A. Phillips na wenzake waliwapa watoto wa miaka 7 na 9 michoro wanakili. Baadhi ilikuwa michoro ya mchemraba, mingine ilikuwa maumbo ya mistari yasiyowakilisha kitu. Walinakili vibaya zaidi ile ya mchemraba. Jambo la kuzingatia ni kwamba mchemraba huo ulikuwa tayari umechorwa karatasini, na kazi yao ilikuwa kunakili mistari tu. Hata hivyo, mara walipoutambua, waliacha kunakili mistari na kuanza kuchora mchemraba wanaoujua, wenye nyuso za mraba.

Je, mchoraji hodari ameuvunja mvuto huo? Hapa watafiti hawajapatana. Dale Cohen na Susan Bennett, mwaka 1997, walichunguza sababu zinazoweza kumfanya mtu asichore anachokiona. Waligundua kwamba mkono una lawama ndogo. Kosa kubwa liko katika jinsi kitu kinavyotambuliwa. Hilo lilifanya wengi waamini kwamba wachoraji wanaona tofauti na watu wengine. Lakini mwaka 2011 Florian Perdreau na Patrick Cavanagh waliwapima wasanii na wasio wasanii, wakitafuta kama wasanii wana njia ya kuifikia taswira ghafi ya retina. Hawakuipata. Wasanii walidanganyika kama wengine. Kwa maoni ya makala haya, matokeo hayo ni habari njema. Kama ustadi hautokani na macho ya pekee, basi unatokana na kitu kinachoweza kufundishwa: mbinu, kumbukumbu ya maumbo, na mazoea ya kukagua.

Afrika iliwahi kuingizwa katika mjadala huu kwa njia isiyo ya haki. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini kwa kutumia picha za mistari. Picha mojawapo ilikuwa na mwindaji mwenye mkuki, swala karibu naye, na kati yao tembo aliyechorwa mdogo ili aonekane yuko mbali. Walipoulizwa mwindaji anamlenga nani, wengi miongoni mwa wasiosoma shule walimtaja tembo. Wakatokea watu wa kuyasoma majibu hayo kana kwamba yanahusu akili au macho. Mtu aliyekulia porini hapungukiwi na uwezo wa kupima umbali wa mnyama. Maisha yake yanautegemea. Alichokosa ni mazoea ya mkataba fulani wa karatasi, unaosema kwamba kidogo maana yake ni mbali. Na picha zenyewe zilikuwa kavu, hazikuwa na vivuli wala hali nyingine nyingi ambazo jicho huzitegemea nje ya karatasi.

Miaka 12 baadaye Jan Deregowski na wenzake walikwenda kwa Wameʼen wa Ethiopia, watu ambao wakati huo hawakuwa na picha katika maisha yao. Walipopewa picha kwenye karatasi, baadhi yao waliishughulikia karatasi yenyewe, wakaigusa na kuinusa, maana ndiyo ilikuwa kitu kigeni. Picha za wanyama zilipochapwa kubwa kwenye kitambaa, kitu walichokizoea, wengi waliwatambua wanyama, ingawa wengine ilibidi wapewe muda. Kwa hiyo kusoma picha nako kuna kujifunza ndani yake, na kujifunza huko huanzia popote mtu alipo.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kisanduku kwa njia nyingine kabisa, katika somo la uchoraji wa kiufundi: ubao wa kuchorea, rula ya T, kona mraba ya nyuzi 30 na 60. Mchoro ule wa isometriki ulielezwa na William Farish wa Cambridge mwaka 1822, na mistari yake haitokomei popote. Kingo zilizo sambamba hubaki sambamba, na fundi anaweza kuweka rula juu ya mchoro akapima. Kwa seremala anayetaka kukata mbao, huo ndio mchoro wa kweli. Lakini mwanafunzi aliyeuzoea huja kwenye pespektivu na tabia ngumu: mkono wake huvuta nyuzi 30 kila upande bila kuulizwa, na kisanduku chake kinaonekana kupanuka kwa nyuma, kwa sababu jicho la mtazamaji lilitarajia kibane.

Anayeanza bila mafunzo yoyote huenda mbali zaidi. Kosa lake la kawaida ni kuifanya mistari itawanyike inapokwenda mbali badala ya kukaribiana. Sababu moja ni mvuto ule wa Thouless: anajua uso wa nyuma ni sawa na wa mbele, naye anaogopa kuupunguza. Sababu ya pili ni ya kiutendaji. Anachora ukingo mmoja akiutazama jirani yake tu; kama jirani huyo tayari amepinda kidogo, ukingo mpya unapinda zaidi, na wa nne unabeba makosa ya wote watatu. Ndipo kona ya nane, iliyojificha nyuma, inapofika na kukuta mistari mitatu inayopaswa kukutana katika nukta moja imetengeneza pembetatu badala yake.

Dawa yake ni kulifikiria kundi zima kwa pamoja. Mchoraji huanza na kona iliyo karibu naye na kuchora mistari mitatu inayotoka hapo, kama herufi Y. Kabla ya kila mstari mpya anajiuliza: huu ni wa kundi gani, na wenzake watatu wanaelekea wapi? Kati ya mistari minne ya kundi moja, miwili ya ndani mara nyingi hutofautiana kwa pembe ndogo mno hadi inakaribia kuwa sambamba, na tofauti yote huonekana kwenye miwili ya nje. Anayeligundua hilo amepunguza nusu ya kazi. Halafu hupitisha kalamu hewani mara kadhaa juu ya njia ya mstari, akitumia bega zaidi ya kifundo cha mkono, na kuushusha kwa mwendo mmoja. Robert Woodworth alionyesha mwaka 1899 kwamba msogeo wa mkono una sehemu mbili, msukumo wa mwanzo na marekebisho yanayoongozwa na macho karibu na mwisho. Mstari unaovutwa polepole sana hujaa marekebisho, nao hutetemeka karatasini.

Hayo yote mtu anaweza kuyaelewa kwa saa moja. Kuyaweka mkononi ni kazi nyingine, na hapo ndipo ushahidi wa Edward Thorndike unapohitajika. Katika kitabu chake cha mwaka 1931 alieleza majaribio ambamo mtu aliyefumba macho alitakiwa kuchora mstari wa urefu fulani, tena na tena, siku baada ya siku, mistari maelfu, bila kuambiwa alipatia au alikosea. Mwishoni hakuwa bora kuliko mwanzoni. Kurudia peke yake hakukumfundisha kitu. Msemo wetu kwamba mazoezi huleta ustadi hauna budi kusomwa upya mbele ya ushahidi huo.

Mwaka mmoja baadaye Trowbridge na Cason walilirudia jambo hilo kwa makundi manne. Kazi ilikuwa kuchora mstari wa inchi 3, kama sentimita 7 na nusu, bila kuona. Kundi la kwanza halikuambiwa chochote. La pili liliambiwa silabi zisizo na maana. La tatu liliambiwa "sawa" au "si sawa". La nne liliambiwa ukubwa wa kosa lenyewe, kwa vipimo vya sehemu ya nane ya inchi, na kama mstari ulizidi au ulipungua. Makundi mawili ya kwanza hayakufika popote. La tatu liliboreka. La nne liliyapita yote kwa mbali. Walimu wenye rundo la madaftari mezani wanaijua tofauti hiyo bila ya kuisoma: alama ya kosa humwambia mwanafunzi kwamba ameanguka, haimwambii ameangukia upande gani.

Sasa turudi kwa rula na kalamu ya rangi. Kisanduku kikimalizika, mchoraji huchukua kila kundi la kingo nne na kuzirefusha kuelekea mbali na mtazamaji, kundi moja kwa nyekundu, la pili kwa kijani, la tatu kwa buluu. Mistari ikikaribiana kwa utaratibu kuelekea eneo moja, kundi hilo limefaulu. Mmoja ukiwakata wenzake mapema, au ukitoroka upande wa pili, umeonekana. Huhitaji mwalimu kukuonyesha. Jiometria inasahihisha.

Tena inasahihisha kwa kukuza. Mstari wa sentimita 10 uliokosea kwa nyuzi 1 unaachana na njia yake kwa chini ya milimita 2 mwishoni, kosa ambalo jicho linalipita tu. Ukirefushwa hadi sentimita 60, pengo linazidi sentimita 1. Kosa lililojificha ndani ya kisanduku linatoka nje likiwa mara sita. Mchoraji anapata kile kilicholiinua kundi la nne la Trowbridge na Cason: mstari upi, upande gani, kwa kiasi gani. Mazoezi machache ya sanaa yana zawadi hiyo. Anayejifunza kuchora uso wa mtu anaweza kujua kwamba haufanani na asijue kwa nini. Mchora kisanduku anajua ni ukingo wa tatu wa kundi la kijani.

Wakati wa kukagua nao una kanuni yake. Carolee Winstein na Richard Schmidt, mwaka 1990, waliwafundisha watu kusogeza wenzo kwa mpangilio maalumu. Baadhi walipewa mrejesho baada ya kila jaribio, wengine baada ya nusu tu ya majaribio. Walipopimwa baadaye bila mrejesho wowote, waliopewa nusu waliukumbuka msogeo vizuri zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mrejesho usiokoma huwa mkongojo: mtu huacha kujisikiliza mwenyewe. Kwa hiyo ni busara kuchora ukurasa mzima wa visanduku vitano au sita kwanza, kuvitazama na kukisia wapi umekosea, halafu ndipo rula ishuke. Anayechungulia nukta za kutokomea kwa rula kabla ya kuvuta mstari hajakagua chochote. Amechorewa na rula.

Kugeuzageuza visanduku nako si mapambo. John Shea na Robyn Morgan walionyesha mwaka 1979, kwa kazi ya kuangusha vibao kwa mkono kwa mfuatano maalumu, kwamba waliozichanganya kazi tatu wakati wa mazoezi walifanya vibaya zaidi siku hiyo kuliko waliomaliza moja ndipo waanze nyingine, lakini baada ya siku 10 waliochanganya ndio waliokuwa na ustadi. Anayechora kisanduku kilekile mara 50 ataona kurasa zake zikipendeza haraka, na atakwama siku atakapotakiwa kuchora kabati lililoanguka. Ukurasa wa aliyechanganya hauvutii. Ni vigumu kumshawishi kijana avumilie kurasa mbaya, na pengine hii ndiyo sehemu ya mafunzo inayohitaji mwalimu kuliko jiometria yenyewe.

Maana mrejesho unaweza pia kudhuru. Avraham Kluger na Angelo DeNisi, mwaka 1996, walikusanya matokeo 607 kutoka tafiti za mrejesho. Kwa wastani ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo ulishusha kiwango cha kazi. Hatari ilikuwa kubwa pale maneno yalipomhamisha mtu kutoka kwenye kazi na kumrudisha kwenye nafsi yake. Kumwambia mwanafunzi kwamba ana kipaji, au hana, kunafanya hivyohivyo. Yote mawili humwondoa kwenye ukingo wa tatu wa kundi la kijani. Mstari mwekundu uliorefushwa hauna kauli juu ya nafsi ya mtu. Wanaokagua kazi za wenzao wangefanya vyema kuiga lugha yake: taja kundi, taja mstari, taja upande ulikopotelea.

Maendeleo yenyewe yana sura ya pekee. Kwanza hutoweka kutawanyika. Mistari huanza kukubali kukaribiana. Kisha hukaribiana kupita kiasi, na visanduku huonekana kama vimebanwa puani. Baadaye makundi mawili hutulia na la tatu husumbua, kwa kawaida lile linalofuata mstari uliochorwa kwa haraka mwanzoni. Kona ya nyuma huwa ya mwisho kutengemaa, kwa kuwa inapokea makosa ya kingo zote zilizotangulia, na hata mchoraji mzoefu huiacha ikiwa na pengo dogo. Anayelitazama pengo hilo kama kipimo badala ya aibu huendelea kulipunguza.

Ugumu huo wote ni wa binadamu; wa mashine uko kwingine. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT, Lawrence Roberts aliandika programu iliyopokea picha za vitu vya umbo la kisanduku, ikatafuta mistari yake, ikakisia kitu chenyewe na kukichora upya kutoka upande mwingine. Kompyuta haikuwa na mvuto wa Thouless wa kuishinda. Hesabu za pespektivu ilizifuata kama ilivyoandikiwa. Kazi ngumu kwake ilikuwa ile ambayo kwa binadamu ni rahisi, yaani kutambua kwamba mistari ile ni kisanduku.

Mwanafunzi aliyemaliza visanduku vyake hupewa duaradufu. Anachora kisanduku, halafu anaweka mviringo ndani ya uso mmoja hadi uguse pande zote nne, na mwingine katika uso unaoukabili. Akiunganisha miviringo hiyo miwili anapata mcheduara: ngoma, pipa, gurudumu la gari. Ukaguzi unaongezeka hatua moja. Kipenyo kifupi cha duaradufu, kikirefushwa, kinapaswa kuelekea ilikoelekea ekseli ya gurudumu, sambamba na kingo za kundi moja la kisanduku, na kwa hiyo kukaribia nukta yao ya kutokomea. Kikienda kwingine, ama duaradufu imepinda ama uso uliobeba mviringo haukuwa mraba.